Saa Nane za Usiku, Juu ya Gobi

Kabla ya skrini hii, ndege nilizifuga kichwani.
Rubani alikohoa ndani ya redio,
sauti imekwaruzwa na kilomita nyingi za mchanga,
akataja jina la nukta, saa, na kimo,
nami nikaandika kwa penseli kwenye karatasi ya urefu wa shubiri,
nikaisukuma ubaoni chini ya mwenzake.
Dakika kumi na tano baina ya ndege na ndege. Ndiyo sheria.
Yaliyobaki yalikuwa imani.

Miaka kumi na tisa, chumba kimoja Ulaanbaatar,
chai ya maziwa na chumvi ikifanya utando kikombeni,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri zikiitafuna lami.

Na saa nane za usiku, kila usiku, aliita Gombosuren,
mlinzi wa mnara wa redio kule Tsagaan Ovoo,
yeye na mkewe na jenereta na mbuzi arobaini,
mnara ukitamka herufi zake mbili, usiku na mchana,
kama mtoto aliyefundishwa jina lake tu.
"Jenereta inapumua," angesema. "Upepo wa kaskazini. Mbuzi mmoja kazaa."
Hilo la mbuzi halikuwa na safu kwenye fomu.
Nililiandika pembeni.

Mwezi wa tatu wakaja mafundi na masanduku yao,
vijana wapole, wakivua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Mmoja, Tuguldur, alinieleza mara mbili,
maana mara ya kwanza nilinuna:
"Dada, setilaiti haioni. Inasikiliza tu.
Ndege yenyewe hujitaja: mimi ni fulani,
nipo hapa, kimo changu hiki, naelekea kule.
Kila nusu sekunde. Haichoki, haikohoi."
Akabonyeza.

Zikatokea.
Zote kwa mpigo, kijani, kila moja na jina lake.
Nikainuka kitini.
Ile ya Seoul, niliyoiweka kusini mwa milima,
ilikuwa kaskazini, imekwepa wingu bila kusema.
Ile ya mizigo, niliyodhani imetangulia, ilikuwa nyuma.
Hakuna iliyokuwa hatarini; zile dakika kumi na tano
zilikuwa zimemeza makosa yangu yote, kimya kimya.
Lakini sasa nilijua:
miaka kumi na tisa nimeongoza kundi jingine,
ndege za penseli, zinazoruka ndani ya fuvu langu,
na zile za kweli, zenye watu waliolala midomo wazi,
zilipita zilikopita.

Sikulia. Nilicheka, kicheko cha mtu
aliyemwamkia mtu baki njia nzima
akidhani ni shemeji yake.

Leo nafasi ni dakika tatu.
Zinapita nyingi, zinanyoosha njia, zinaokoa mafuta.
Anayesema zamani ilikuwa bora, hakuwahi kuikesha.

Ijumaa ikaja amri ya kuzima Tsagaan Ovoo.
Gombosuren akaita saa nane, kwa redio ile ile.
"Nimezima," akasema. "Mbuzi wameamka.
Walizoea kulala ubavuni mwa jenereta, kwenye joto.
Sasa wanaizunguka. Wanainusa."
Kisha: "Hiyo setilaiti yenu, inaniona?"

Ningeweza kumdanganya; usiku ulikuwa mrefu na tulikuwa wawili tu.
"Haioni, kaka. Inawasikia wanaojitaja."

Redio ikavuma kidogo.

"Basi mimi ni Gombosuren," akasema,
polepole, herufi kwa herufi, kama mnara.
"Nipo Tsagaan Ovoo. Kimo, mita elfu moja mia nne.
Sielekei popote."

Droo yangu bado ilikuwa na karatasi tupu.
Nikachonga penseli.
Nikaandika jina, saa, mahali, kimo.
Na pembeni, pasipo na safu:
mbuzi wameamka.